Dawa Yako na Kasha Lake

Wazee wetu, mama zetu, na vijana mlioacha biashara zenu ili kutusikiliza,

Mmezoea kutuona tukizungumzia magendo na wizi wa mifugo. Leo tumekuja kwa jambo la tumbo.

Hivi karibuni, katika ukaguzi hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, tulimkuta mama wa makamo amefunga vidonge vyeupe katika pindo la leso, naye akitetemeka. Vilikuwa vidonge vya kalsiamu, alivyoshauriwa kwa ajili ya mifupa. Kasha alikuwa amelitupa kabla ya kuvuka, akidhani tungemnyang'anya. Tuliona haya, kwani hofu ile tumeipanda sisi wenyewe.

Mama huyo ana kiungulia cha siku nyingi, na kila asubuhi humeza omeprazoli. Vidonge vile vilimfunga choo na kumjaza gesi, hata akataka kuviacha. Tulipomfikisha kwenye kituo cha afya, mhudumu aliuliza swali moja: ni kalsiamu ya aina gani? Hakuna aliyejua.

Jibu lake lina uzito. Kalsiamu kabonati huhitaji asidi ya tumbo, hivyo humezwa pamoja na chakula, nayo ndiyo hufunga choo zaidi. Kalsiamu sitrati haitegemei sana asidi, kwa hiyo humfaa zaidi anayetumia dawa za kuipunguza. Kwa aina zote mbili, mwili hupokea vyema kiasi kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja. Anayehitaji zaidi hugawanya katika siku. Tena, kalsiamu ikimezwa pamoja na doksisaiklini au vidonge vya madini ya chuma, huzuia dawa hizo zisifyonzwe vizuri. Mwulizeni mfamasia muda wa kuzitenganisha, lakini mwendeeni na kasha mkononi. (Na anayekula dagaa wazima, mifupa na yote, ajue kwamba kalsiamu tayari imo sahanini.)

Basi vukeni na dawa zenu ndani ya makasha yake, pamoja na karatasi ya daktari. Tukiwasimamisha, tuonyesheni bila woga. Vidonge visivyo na jina vinavyouzwa ndani ya mabasi, msivinunue. Na askari atakayemtoza mgonjwa fedha kwa dawa yake mwenyewe, njooni mtuambie ofisini. Tutamsikiliza mgonjwa kwanza.