Gari la Magurudumu 6 Liendalo Nchi Kavu na Majini

Kabla ya mazungumzo, fungueni madaftari yenu, mwandike herufi hizi 4, kubwa na wazi: D, U, K, W. Kisha pigeni kistari kifupi, mwandike namba 353. Msijaribu kuzitamka kama neno moja, maana ulimi utawashinda. Kila herufi hapo ina maana yake peke yake, nasi leo tutazisoma moja moja.

Sasa twendeni pamoja, kwa mawazo tu, mpaka Marekani. Fikiri kwamba wewe ni fundi wa magari, na mkulima mmoja amekuita nyuma ya ghala lake. Hapo pana kitu kikubwa kilichosongwa na majani. Mbele kimechongoka kama mashua. Ubavuni kina magurudumu, 2 mbele na 4 nyuma. Ukiinama na kuchungulia chini ya tezi, waona rafadha, ile inayosukuma meli. Ukipima urefu wapata futi 31. Mwenye shamba akuambia, "Bwana fundi, nifufulie gari hili."

Usishike spana bado. Kwanza ujue hili ni gari gani. Magari ya magurudumu 6 yaendayo majini yalitengenezwa ya namna nyingi, na kwa mbali huweza kumdanganya mtu. Warusi walitengeneza moja baada ya vita, likiitwa ZIL-485, nalo lafanana sana na hili. Lakini lile lina mlango wa kushusha kwa nyuma, wa kupakilia mizigo. Hili halina. Mzigo wake huingizwa kwa juu, kama katika jahazi. Waingereza nao walikuwa na lao la miaka ya 1960, Alvis Stalwart. Magurudumu yake 6 yamepangwa kwa nafasi zilizo sawasawa, wala halina rafadha. Husukumwa na maji yanayorushwa nyuma kwa nguvu. Basi kwa macho tu umekwisha kuyaondoa mawili.

Lakini macho hayatoshi. Ingia ndani, mahali pa dereva, utafute vibati vidogo vya chuma. Jeshi la Marekani lilikuwa na desturi ya kuandika juu ya kibati jina la gari, namba yake, na tarehe lilipokabidhiwa. Mara nyingi utavikuta vimepakwa rangi juu ya rangi, mpaka maandishi hayaonekani. Hapa mafundi wengi huharibu. Hushika msasa au brashi ya waya, na baada ya dakika 5 kibati kinang'aa vizuri sana, ila hakina neno hata moja. Wewe chukua kitambaa na dawa ya kuyeyusha rangi, ufute polepole, tabaka kwa tabaka. Na ubavuni mwa gari fanya hivyo hivyo, kwa sababu chini ya rangi mpya mara nyingine hulala namba ya zamani ya jeshi.

Umefuta, na herufi zimetokea: DUKW-353. Tusome.

D ni mwaka. Katika hesabu ya kiwanda cha General Motors, D ilikuwa alama ya gari lililobuniwa mwaka 1942. U ni alama ya gari la kazi liendalo majini. K maana yake magurudumu ya mbele nayo husukumwa na injini, si ya nyuma peke yake. W maana yake kuna ekseli 2 nyuma, na zote mbili husukumwa. Wamarekani walipoziona herufi hizo waliliita gari hili "Duck", yaani bata, kwa kuwa sauti zakaribiana. Ni jina lililolifaa, lakini kibatini hakuna bata.

Huenda mmoja wenu auliza, faida ya herufi hizi ni nini kwa mtu mwenye kutu mikononi? Tazama. Wakati ule ule lilikuwapo lori la kawaida la jeshi lililoitwa CCKW-353. Linganisheni hayo majina mawili katika madaftari yenu. C ya kwanza ni mwaka 1941, na C ya pili ni kibanda cha dereva cha kawaida. Lakini K na W ni zile zile, na 353 ni ile ile. Maana yake, ndani ya mashua hii limefichwa lori! Injini ya silinda 6, yenye nguvu za farasi 90 hivi, pamoja na ekseli zake, ni jamaa moja na lile lori. Magari ya DUKW yalitengenezwa zaidi ya 21,000 tu, bali malori ya CCKW yalipita 500,000. Kwa hiyo fundi asiyesoma atatafuta vipuri vya bata mwaka mzima, na aliyesoma atakwenda kwenye lori kuukuu lililolala barabarani.

Angalia pia kioo cha mbele. Magari ya kwanza yalikuwa na kioo kilichosimama wima. Ya baadaye kioo chake kimelala kidogo. Na yale ya baadaye dereva aliweza kuongeza au kupunguza upepo wa matairi akiwa amekaa pale pale kitini. Akifika mchangani hupunguza, tairi ikatanda, gari lisizame; akirudi barabarani huongeza.

Mwanzoni wakubwa wengi wa jeshi hawakulitaka gari hili. Mwishoni mwa mwaka 1942 lilipelekwa kuonyeshwa karibu na Provincetown, katika pwani ya Massachusetts. Usiku ukavuma upepo mkali sana, na mashua ya walinzi wa pwani ikakwama juu ya fungu la mchanga ikiwa na watu 7. Vyombo vya kawaida havikuweza kuwafikia. Gari likashuka ufuoni, likaingia katika mawimbi, likawachukua wote 7, likapanda nchi kavu. Baada ya hapo maneno ya kulipinga yalipungua sana. Mwaka 1943 lilishusha mizigo ya jeshi katika kisiwa cha Sicily, na mwaka 1944 katika pwani ya Normandy, Ufaransa.

Sasa shika spana. Kazi hii yahitaji mafundi wawili katika mtu mmoja: fundi wa lori, na fundi wa jahazi ajuaye kukalafati. Injini ikigoma barabarani, utateremka na kusukuma. Majini huteremki. Ngozi ya gari hili ni chuma chembamba, na kutu huila kutoka ndani, mahali ambapo ngama husimama bila kukauka. Gongagonga kwa nyundo ndogo, usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mbao. Palipooza pakatwe na kuunganishwa chuma kipya. Rangi haizuii maji.

Halafu hesabu matundu. Naam, hesabu, uandike katika karatasi. Gari hili limetobolewa kwa makusudi mahali pengi: pana vizibo vya kutolea maji, na pana mahali ambapo shafti hupita kwenda kwenye ekseli na rafadha. Penye shafti pana mpira laini ulio kama mkono wa shati, uliobanwa kwa ukanda wa chuma ili maji yasipite. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo.

Tarehe 1 Mei 1999, katika ziwa Hamilton, jimbo la Arkansas, gari moja la aina hii liliingia majini na watu 21, dereva akiwa mmoja wao. Walikuwa watu wa matembezi, na watoto walikuwamo. Mpira wa shafti ulikuwa umechomoka mahali pake. Maji yakaingia, gari likazama upesi, na paa la turubai lililofungwa juu likawazuia watu kutoka. Watu 13 walikufa. Wachunguzi wa serikali walisema chanzo ni matengenezo yasiyotosha. Kwa hiyo, mzee wangu, ukibana ule ukanda, rudi uujaribu tena kwa mkono, na paa usilifunge kamwe juu ya vichwa vya watu.

Ndani mna pampu za kutoa maji, zilizoweza kuliokoa gari hata likitobolewa tundu la inchi 2. Wapo wanaozing'oa kupata nafasi. Usizing'oe.

Jambo moja lanifurahisha. Sisi husema usukani wa gari na usukani wa chombo kwa neno moja. Katika gari hili neno letu ni kweli kabisa, maana dereva akizungusha usukani, magurudumu ya mbele na usukani wa nyuma majini hugeuka pamoja.

Likitoka majini, hasa maji ya chumvi, lioshe kwa maji baridi, upake grisi upya, kisha ufungue oili ya ekseli. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia, imwage.

Shikeni kalamu. Andikeni CCKW-353 chini ya DUKW-353, mpige mstari chini ya herufi zinazofanana. Kando yake andikeni vipuri 2 ambavyo utavipata kwenye lori, na 2 ambavyo hutavipata huko. Tutasahihisha wiki ijayo saa hizi hizi.