Rekodi ya Nidhamu na Maombi ya Chuo Marekani

Rekodi ya nidhamu ya sekondari nchini Marekani huweza kumfuata mwanafunzi hadi kwenye maombi ya chuo. Wazazi waliosomea Kenya hushangaa, kwani huko KUCCPS, shirika la udahili wa vyuo, hupangia wanafunzi vyuo kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Marekani, ofisi ya udahili husoma pia insha, barua ya kaunsela na, katika baadhi ya vyuo, jibu la swali la nidhamu.

Common App, fomu moja inayotumiwa na mamia ya vyuo, iliondoa swali hilo katika sehemu yake ya pamoja kuanzia msimu wa 2021–2022, kwa kuwa liliwaumiza zaidi wanafunzi weusi, ambao husimamishwa masomo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Lakini chuo bado kinaweza kuuliza katika maswali yake chenyewe. Chuo kinachotaka kujua kuhusu kusimamishwa na kufukuzwa hakijauliza habari za kubakishwa shuleni jioni, na hakuna haja ya kujishtaki zaidi ya swali. Kilichoulizwa hujibiwa kwa ukweli na kwa ufupi: kilichotokea, na kilichobadilika baadaye. Mwanafunzi akikana na kaunsela akathibitisha, uongo huo humponza kuliko kosa lenyewe. Chuo huweza kufuta nafasi iliyokwisha kutolewa.

Kazi kubwa ya mzazi huja mapema zaidi. Barua ya kusimamishwa, iliyojaa Kiingereza cha kisheria, mara nyingi huletwa nyumbani na mtuhumiwa, naye ndiye huifasiri, kwa huruma nyingi kwa nafsi yake. Shule ya umma inawajibika kumpa mzazi asiyejua Kiingereza vizuri mkalimani bila malipo. Katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez ya 1975, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hata anayesimamishwa kwa siku chache lazima aelezwe kosa na asikilizwe.

FERPA, sheria ya 1974 kuhusu rekodi za wanafunzi, humruhusu mzazi kuona rekodi za mtoto wake ndani ya siku 45 tangu aombe, na kudai kilichoandikwa kimakosa kirekebishwe. Haitengui adhabu yenyewe. Shule ikikataa kurekebisha, huombwa kikao rasmi. Ikikataa tena, maelezo ya mzazi huwekwa ndani ya faili. Mtoto akitimiza miaka 18, au akiingia chuo, haki hizo huwa zake.