Gari dogo la chama: tulichague kwa masikio na kwa mgongo

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka



Komite ilitupa kazi ya kusema juu ya gari. Franka tunazoweka kila mwezi, pamoja na msaada wa wafadhili, zimefika mahali ambapo tunaweza kununua gari moja dogo lililokwisha kutumika. Kazi yake tunaijua wote: kupeleka wagonjwa hopitali, na wamama wanaokaribia kuzaa, na wazee ambao hawawezi tena kupanda piki.

Kuna wanamemba wametuuliza: "Mbona kwenye karatasi mliandika gari tulivu na lenye kustarehesha? Starehe ni ya wakubwa. Sisi tulirudi na maturubai kutoka Lugufu na Nyarugusu, starehe tunaitafutia nini?" Swali ni zuri, na wafadhili pia wana haki ya kuliuliza. Tutajibu kwa jambo lililotupata sisi wenyewe.

Siku moja tuliazima gari la zamani tumpeleke mama mmoja hopitali. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku. Lile gari bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, milango inagonga, na kila shimo lilikuwa linapiga kama nyundo. Sisi tulikaa mbele na shofere, yeye nyuma na dada yake. Tulikuwa tunapiga kelele ili tusikilizane sisi kwa sisi. Kumbe nyuma kule mama alikuwa anatuita. Alituita mara tatu tusimame. Hatukusikia. Tulisimama tu wakati dada yake alipomshika shofere begani. Mtoto alizaliwa pale pale kando ya barabara, na kwa neema ya Mungu wote wawili wako wazima. Lakini mama alipopata nguvu alituambia neno moja: "Niliwaita, hamkunisikia."

Njo maana tuliandika "tulivu". Ndani ya gari la wagonjwa, utulivu maana yake ni kwamba mgonjwa akiita, anasikiwa. Na starehe maana yake ni kwamba mtu aliyevunjika mguu hafiki hopitali akiwa na maumivu mara mbili ya yale aliyotoka nayo nyumbani.

Sasa wengine watasema: basi tununue jeep. Jeep tunaiheshimu, maana inapita mahali gari dogo halipiti. Lakini zile Land Cruiser ndefu tunazoziona hapa, zenye viti vya ubavuni nyuma, zimefungwa resori za mabamba chini kwa nyuma, zilizotengenezwa kubeba mzigo mzito. Likiwa na watu wawili tu, linarusha. Na mgonjwa anakaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu, mahali panaporuka kuliko pote. Tena bei yake na mazuti yake vinapita mfuko wetu.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Gari dogo halitapanda milimani, wala halitavuka mto uliojaa wakati wa mvula. Huko, kipoyi na piki vitaendelea na kazi yao mpaka barabarani. Gari letu litamngojea mgonjwa pale barabara inapoanza, na litatumika mjini na kwenye barabara ya ziwa, upande wa Lweba, Lusenda na Mboko. Tusimdanganye mtu kwamba litafika kila kijiji.

Tunachagua namna gani basi? Sokoni tunakuta zaidi Toyota zilizotoka Japani: Vitz, IST, Raum, Corolla. Angalieni kwanza umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. IST ya kwanza, ile iliyotoka 2002, ina mita 2.37. Raum iliyotoka 2003 ina mita 2.50. Corolla iliyotoka 2000 ina mita 2.60. Tofauti inaonekana ndogo, lakini gari fupi kwenye mashimo linainama mbele na nyuma kama mtumbwi kwenye mawimbi, na lile refu kidogo linatulia zaidi.

Raum ilitupendeza kwa sababu nyingine: milango yake ya nyuma inateleza, na sakafu iko chini, mzee anaingia bila kuinua sana mguu. Upande wa kushoto hakuna nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiifungua yote miwili unapata nafasi kubwa ya kumwingiza mgonjwa. Lakini tufungue macho. Gari hilo lilitengenezwa kwa nchi ambayo magari yanapita kushoto, kama Tanzania. Sisi tuliokaa Kigoma tumezoea volani ya kuume, hatuoni shida. Hapa Kongo tunapita kuume. Maana yake ule mlango mpana unafungukia katikati ya barabara, kwenye piki na malori. Na shofere akitaka kupita lori, yeye yuko upande wa shimoni, haoni mbele. Tukichukua gari la namna hiyo, tunahitaji sheria: mgonjwa haingizwi barabarani, gari linaingia kwanza uani au linageuzwa; na shofere hapiti lori kama hakuna mtu mzima kiti cha mbele cha kushoto wa kumwangalilia. Tukipata lenye volani ya kushoto, zuri kwa bei yetu, tulipendelee hilo.

Lakini aina ya gari ni nusu ya kazi tu. Corolla iliyochoka ina kelele kuliko Vitz iliyotunzwa. Kwa hiyo siku ya kwenda kuangalia gari, tusiende na mekanisie peke yake. Twende pia na mzee mmoja mwenye mgongo unaomuuma, na tumkalishe nyuma. Yeye njo kipimo chetu. Halafu tufanye hivi:

1. Radio izimwe na viyoo vifungwe. Muuzaji akifungua radio kwa nguvu, tumwombe kwa heshima aizime. Kuna kitu anaficha.

2. Tusukume kila kona ya gari chini kwa mikono, tuachilie. Likipanda na kutulia, amotiseri ni nzima. Likiendelea kucheza juu na chini, zimekufa.

3. Tupite polepole kwenye mashimo. Kugonga "ko, ko" chini kunatoka mara nyingi kwenye rotile, au kwenye mipira ya chini iliyoliwa. Hivyo vinabadilishwa, lakini bei ishuke.

4. Tukimbie kidogo mahali pazuri. Mlio wa "vuuu" unaokua pamoja na mwendo, na kubadilika gari likikata kona, ni rulema ya gurudumu. Tugeuze volani mpaka mwisho na kwenda polepole: "ta-ta-ta" ni kardani.

5. Tusome pine. Zikiandikwa 185/65, ile 65 inasema urefu wa ubavu wa pine ni asilimia 65 ya upana wake, karibu milimita 120. Zikiwa 185/55, ubavu ni kama milimita 102 tu. Ubavu mfupi unapendeza macho, lakini shimo linafika mgongoni. Tarakimu nne za mwisho ndani ya alama yenye umbo la yai ni tarehe: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Pine ya zamani inakauka, inakuwa ngumu na yenye kelele, hata kama meno bado yako.

6. Tuinamie chini ya gari. Kuna watu wanaweka vyuma juu ya resori ili gari liinuke. Linapendeza kwa barabara yetu, lakini mara nyingi linakuwa gumu, na kardani zinakufa mapema kwa sababu zinafanya kazi zikiwa zimepinda.

Mwisho wa yote tumuulize mzee wetu wa nyuma maneno mawili: mgongo unasemaje? Na tulipokuwa tunaongea mbele kwa sauti ya kawaida, ulitusikia? Kama hakusikia, hatununui, hata rangi ikiwa nzuri namna gani.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni letu sisi, si la fundi. Gari zuri tunaweza kuliharibu mwaka mmoja. Tunajua desturi ya taxi: wanne nyuma, wawili mbele, na magunia ya muhogo juu. Gari dogo lililojazwa hivyo linashuka mpaka chuma kinagonga chuma, na ile starehe yote tuliyolipia inakwisha. Tunaomba mkutano uamue leo: mgonjwa, wasindikizaji wawili, na shofere. Basi. Hakuna mzigo wa biashara, hata wa memba wa komite, hata wetu sisi wa tereni. Na kila safari inayolipiwa, sehemu moja iwekwe kando kwa ajili ya amotiseri na pine, kabla ya esansi ya kesho. Wafadhili wametuambia wazi kwamba kununua watatusaidia, lakini kutunza ni juu yetu. Tunaona ni haki.

Tulipotoka Kigoma kwa meli kurudi huku, wengi wetu tulibanana chini na mizigo, na hakuna aliyeuliza kama tumekaa vizuri. Tulifika, tukashukuru. Lakini leo njo sisi tunaopanga safari za wengine. Tunaweza kuuliza.

Yule mama tuliyemsema yuko hapa kati yetu, na mtoto sasa anatembea. Tulimuuliza kama tunaweza kusimulia habari yake bila kutaja jina. Alikubali, akaongeza kwamba siku ya kujaribu gari anataka kuja yeye pia, akae nyuma, atuite.

Tumemwambia aje.