Mtoto Aliyechuma Mali Asiile

Leo nataka kuwasimulia habari za mtoto mmoja wa Marekani, aliyejulikana ulimwenguni kabla hajafika umri wa miaka kumi. Jina lake Jackie Coogan.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, na wazazi wake walikuwa watu wa michezo ya jukwaani. Siku moja Charlie Chaplin, yule mchekeshaji mashuhuri, alimwona mtoto huyu akicheza mbele ya watu, akapendezwa naye mno. Akamtia katika picha yake ya senema iitwayo The Kid, iliyoonyeshwa mwaka 1921. Picha hiyo haikuwa na sauti. Mambo yote yalifahamika kwa uso na mikono. Jackie alikuwa mtoto aliyetupwa, akaokotwa na maskini, akalelewa naye. Kazi yake ilikuwa kuvunja vioo vya madirisha kwa mawe. Kisha yule maskini hupita na vioo mgongoni, kana kwamba hana habari, akapata ujira wa kuvitengeneza. Watu walicheka sana. Lakini mtoto alipokamatwa ili apelekwe kwenye nyumba ya mayatima, akanyosha mikono akilia, wale waliokuwa wakicheka wakafuta machozi.

Tangu hapo sifa zake zikaenea. Mwaka 1924 alisafiri hata Ulaya, akiwaombea msaada mayatima wa Mashariki ya Karibu. Fedha alizochuma utotoni zakisiwa kuwa dola milioni 3 au 4; naye akipewa posho ya dola 6 na senti 25 kwa juma.

Mwaka 1935 baba yake alikufa katika ajali ya motakaa, na Jackie aliyekuwamo akaokoka. Mwaka huo huo akatimiza miaka 21, akataka mali yake. Mama yake na baba wa kambo wakakataa, wakasema ni yao. Na kweli, sheria ya California wakati ule ilisema kwamba achumacho mtoto ni cha wazazi. Mwaka 1938 akaenda kortini kumshitaki mama aliyemzaa. Nyingi katika mali zilikuwa zimekwisha kutumiwa, akaambulia dola 126,000 tu. Wahenga wasema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo taabu yake iliwafaa wengine. Mwaka 1939 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoto wachezao, nayo yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kwa marekebisho ya mwaka 2000, ujira huo ni mali ya mtoto mwenyewe, na sehemu 15 katika kila 100 huwekwa akiba mpaka awe mtu mzima.

Jackie hakukaa akilia. Katika Vita Kuu ya Pili alirusha eropleni zisizo na injini huko Burma. Baadaye akawachekesha watu tena katika televisheni, hata alipofariki mwaka 1984.

Basi wazee wenzangu, mtoto akikuletea ujira wake wa kuchuma pamba au kuchunga mbuzi wa jirani, kumbuka habari hii. Ukiushika, ushike kwa amana, umwandikie hesabu yake. Maana iko siku atakuja kuiuliza.