Wauguzi wa Guildford na mikataba ya kiangazi katika miji isiyovuma

Ifikapo mwezi Desemba, wakati kaskazi inapovuma katika pwani ya Afrika Mashariki na watu wakaanza kulalamikia joto, Australia nayo huingia katika kiangazi chake. Shule hufungwa, wenye uwezo huelekea baharini, na hospitali nyingi za nchi hiyo hubaki na pengo la wauguzi, kwa kuwa wauguzi nao wana watoto na wanahitaji likizo. Pengo hilo huzibwa kwa mikataba mifupi, aghalabu ya wiki 4, 8 au 12, inayotolewa kupitia mawakala wa ajira. Kwa muuguzi aliye tayari kusafiri, swali huwa ni moja: aende wapi?

Swali hilo linajulikana vyema Guildford, kitongoji kilichoko kilomita 25 hivi magharibi mwa kitovu cha jiji la Sydney. Ni mahali pa watu wa kawaida. Kiarabu cha Lebanon husikika madukani kama Kiingereza, na katika vitongoji vya jirani, kama vile Merrylands, Granville na Auburn, wanaishi wahamiaji wa kila bara. Treni inayopita Guildford humfikisha abiria Westmead bila kubadilisha, na huko ndiko kuliko hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1978. Kwa hiyo muuguzi wa Guildford hasukumwi safarini na ukosefu wa kazi. Akiondoka, ameamua mwenyewe, na uamuzi huo unastahili kupimwa.

Kinachovutia kwanza ni fedha. Muuguzi wa mkataba wa aina hii huajiriwa mara nyingi kama kibarua, na kiwango cha msingi cha taifa humpa nyongeza ya asilimia 25 badala ya likizo yenye malipo. Mara nyingi hupewa pia chumba na nauli, ingawa nauli huweza kurudishwa pale tu anapomaliza mkataba wote. Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi. Lakini kodi ya nyumba ya Guildford haisimami kwa sababu mwenye nyumba hiyo amelala kwingine, na watoto walioachwa na bibi au shangazi wanahitaji matumizi. Anayepewa malazi hupata faida ya kweli. Anayepewa posho tu na kuambiwa ajitafutie chumba huenda akarudi Februari mikono mitupu, hasa akiwa amechagua mji wa watalii.

Hapo ndipo majina makubwa yanapodanganya. Byron Bay, Gold Coast na Cairns zinajulikana duniani kote, na kila muuguzi kijana angependa kumaliza zamu na kwenda ufukweni. Lakini mwezi Januari vyumba vya miji ya pwani hugombewa na watalii, na nafasi za kazi hugombewa na wauguzi wenzake. Aidha, kaskazini mwa nchi, ikiwemo Cairns, msimu wa vimbunga huanza Novemba hadi Aprili, na barabara huweza kufungwa na mafuriko kwa siku kadhaa. Anayetaka kiangazi chenye ubaridi kidogo angefanya vyema kutazama Burnie, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Tasmania, mji wa bandari ambao watalii wengi huupita.

Katika jimbo la New South Wales lenyewe miji isiyovuma ni mingi. Dubbo uko kilomita 400 hivi kutoka Sydney, na treni yake husimama Parramatta, vituo vichache tu kutoka Guildford. Watoto wakija kumtembelea mama yao huko, wataona twiga, faru na tembo katika bustani kubwa ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1977. Si kitu kigeni kwa aliyetoka Arusha au Nakuru, lakini kwa mtoto aliyezaliwa Sydney ni ajabu. Kutoka Dubbo basi huendelea hadi Broken Hill, mji wa migodi ulio zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sydney. Saa za Broken Hill ziko nyuma kwa nusu saa. Mgeni anayelisahau hilo hufika kazini mapema, na hilo ndilo kosa jepesi kuliko yote anayoweza kuyafanya huko.

Joto la bara halina mvuke kama la Mombasa au Dar es Salaam. Ni kavu, hupita nyuzi 40, na katika kiangazi cha 2019 hadi 2020 liliandamana na moto wa misitu uliofunga barabara kuu. Hata hivyo Guildford haiwezi kujisifu: tarehe 4 Januari 2020 Penrith, magharibi mwa Sydney, ilifikia nyuzi 48.9.

Lakini uzito wa jambo hili hauko kwenye kodi wala kwenye joto. Uko usiku, ndani ya hospitali ndogo. Mwezi Mei 2022 kamati ya Bunge la New South Wales iliyochunguza afya ya mikoani ilitoa ripoti yenye mapendekezo 44, na ilieleza wazi kwamba wakazi wa vijijini wana hali mbaya zaidi ya afya na huduma finyu kuliko wa mijini. Katika hospitali nyingi za miji midogo, wazee wanaotunzwa na wagonjwa wa dharura huwa chini ya paa moja, na daktari huenda asiwepo jengoni. Huonekana kwa video. Muuguzi aliyezoea Westmead, ambako kengele moja huita watu kumi, hujikuta yeye na mwenzake mmoja mbele ya mtu mwenye maumivu ya kifua. Mgonjwa mahututi husafirishwa, mara nyingi kwa ndege za madaktari wa angani, huduma iliyoanza mwaka 1928 huko Cloncurry, na ambayo Afrika Mashariki iliipata mfano wake mwaka 1957 kwa kuanzishwa kwa AMREF. Mpaka ndege itue, mgonjwa ni wa muuguzi.

Hatari nyingine ni ya muuguzi mwenyewe. Mwezi Machi 2016 muuguzi Gayle Woodford aliuawa huko Fregon, kijiji cha mbali katika jimbo la Australia Kusini, alipokuwa katika zamu ya kuitwa usiku. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilipitisha sheria, inayojulikana kwa jina lake, ya kwamba muuguzi wa maeneo ya mbali asiende peke yake kwenye wito wa nje ya saa za kazi. Sheria hiyo ni ya jimbo hilo. Kwingineko inambidi mwenye kusaini mkataba aulize mwenyewe: nani hufuatana naye usiku, nyumba yake ina kufuli gani, simu inashika wapi.

Kuna pia upande wa wenyeji. Mzee wa Walgett au Wilcannia mwenye kisukari huona uso mpya kila mwezi, na kila mwezi hueleza upya maradhi yake. Ndiyo maana mkataba wa wiki 12 katika mji mmoja ni bora kuliko mitatu ya wiki 4 katika miji mitatu, hata kama mwisho wa hesabu fedha ni zile zile. Muuguzi naye hufaidika, kwani wiki ya kwanza huishia kutafuta ufunguo wa kabati la dawa.

Si kila mmoja anaruhusiwa kwenda. Tangu Julai 2010 usajili wa muuguzi ni mmoja kwa nchi nzima, hivyo kuvuka mpaka wa jimbo hakuhitaji leseni nyingine. Lakini aliyeletwa kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri hufungwa na mwajiri huyo, na wakala hana uwezo wa kumfungua. Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya kazi kama msaidizi huwekewa kikomo cha saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, kikomo kinachoondolewa chuo kinapofungwa.

Hospitali za New South Wales hudai pia ushahidi wa chanjo, zikiwemo za surua na homa ya ini aina ya B, na aliyezaliwa katika nchi zenye kifua kikuu kingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, huchunguzwa ugonjwa huo kabla ya kukubaliwa. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Anayetaka kuwa Dubbo katikati ya Desemba na aanze kukusanya karatasi zake mwezi Septemba.