Kusi, Chumvi na Miche ya Barabarani

Sakitu inayounguza mimea kule Kinangop haifiki Kilindini, kisiwani Mombasa. Hapa hata usiku wa Julai joto hukaribia digrii 20. Kinachochoma miche yetu ya mikrismasi ni kusi, upepo unaorusha chumvi ya bahari hadi majanini. Ncha hugeuka kahawia, majani yakapukutika, na mtu akashika panga. Haraka hiyo ndiyo inayoua miti mingi.

Kwanza kwaruza gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, mti ungali hai. Umwagie maji baridi, majani na shina, chumvi itoke. Lakini si maji ya kisima chenye chumvi, na visima hivyo kisiwani ni vingi. Tandaza makumbi ya nazi shinani, bila kugusa gome. Upande wa bahari simamisha kinga ya makuti. Mbolea ingoje machipukizi, na tawi lililokauka likatwe pale tu mwisho wa ukavu wake utakapoonekana.

Wanaopanda upya ufukweni watangulize mvinje, unaostahimili chumvi. Kule Bamburi, mwanamazingira René Haller aliutumia kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji kuanzia 1971.