Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolilisha Taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani humo zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa nchi nzima ni watoto 30 katika kila 100. Ghala limejaa, mtoto amekosa nini?

Jibu limo katika siku ya mama yake. Alfajiri yuko shambani, jioni yuko njiani na mzigo wa kuni. Mtoto huachiwa dada yake mdogo na bakuli la uji mwepesi wa mahindi matupu. Tumbo lake dogo hujaa maji kabla mwili haujapata nguvu. Maharage, karanga na mayai yalikuwapo, lakini yamekwenda sokoni.

Mjini tatizo lina sura nyingine. Utafiti wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 nchini wana uzito uliozidi. Jirani humsifu mama huyo kwamba amenawiri. Lakini unene si afya: mama mnene aweza kuwa na upungufu wa damu, na mwanawe akadumaa katika nyumba hiyo hiyo. Chakula kinachoshibisha si lazima kijenge mwili.

Mwaka 1983 Serikali, pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa. Watoto walipimwa uzito, matokeo yakajadiliwa na viongozi wa kijiji, na utapiamlo mkali ukapungua. Udumavu umebaki, maana yake kazi haijakwisha.

Mwalimu ana sababu ya kujali. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka 2 huingia darasani akiwa nyuma ya wenzake, kisha huitwa mvivu. Mtumishi wa umma naye aulize katika kila kikao: watoto wangapi wamepimwa, na wangapi uzito wao umeshuka?

Na baba, kabla hajauza gunia la mwisho la maharage, akumbuke kwamba mnunuzi wa kwanza anayestahili kusikilizwa yumo nyumbani mwake, naye hajui kusema.